Mozilla ilishinda vita. Halafu ikawaje?

Najua nimekuwa kimya kwa muda. Kazi za wateja zilinibana, na kila nilipokaa kuandika, ama umeme ulipotea ama usingizi ulinishinda. Leo nimepata nafasi, na nina jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mkutano wa mwaka wa kikundi chetu.

Kikundi chenyewe sitakitaja jina, maana wenzangu husoma ukurasa huu na sijawaomba ruhusa. Tulikianzisha miaka kadhaa iliyopita tukiwa watu tisa, wote waandishi wa programu. Shabaha yetu iliandikwa kwa sentensi moja: kila Jumamosi twende katika shule ya upili ya umma, tukarabati tarakilishi zilizolala stoo na kuwafundisha wanafunzi kuandika programu. Hatukuwa na ofisi. Nauli ya matatu tulijilipia. Mimi nilikuwa mweka hazina, cheo ambacho wakati huo kilimaanisha kutunza bahasha moja ya kaki.

Kisha akaja mfadhili. Mfadhili alitaka ripoti, basi tukaajiri mtu wa kuandika ripoti. Huyo naye alihitaji mshahara, basi tukatafuta mfadhili wa pili, ambaye hakuvutiwa na mambo ya shule ila alipenda warsha za vijana wajasiriamali. Tukafanya warsha. Hotelini, na chai ya saa nne, na posho. Sasa mwezi uliopita, katika mkutano wa mwaka, mwanachama mmoja mpya akauliza swali la kawaida kabisa: mwaka huu tumetembelea shule ngapi? Tukatazamana. Nilipekua vitabu vyangu vya hesabu. Jibu lilikuwa sufuri.

Kilichonisumbua zaidi nilikipata baadaye, nilipopitia kumbukumbu zote za mikutano. Hakuna siku hata moja tulipoamua kuacha kwenda shuleni. Hakuna aliyetoa hoja, hakuna aliyeinua mkono. Kila uamuzi ulikuwa na maana siku ulipofanywa, na sahihi yangu ipo chini ya mingi.

Usiku huo sikulala mapema. Nilianza kusoma upya historia ya shirika ambalo nimelifuata tangu niguse tarakilishi kwa mara ya kwanza, yaani Mozilla, watu wa Firefox. Nilitaka kuona jambo hili linavyotokea kwa wakubwa. Haya basi, twende pamoja.

Mwanzo wake

Wale mliokuwa mkilipa saiba kwa dakika mnaikumbuka ile "e" ya samawati kwenye kioo. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Ukiibonyeza, unangoja, kisha vidirisha vya matangazo vinachomoza kimoja baada ya kingine huku dakika zako zikikatwa. Hiyo ilikuwa Internet Explorer ya Microsoft, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitumiwa na zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliovinjari mtandao.

Kabla yake mfalme alikuwa Netscape, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1994. Microsoft ikaanza kukigawa kivinjari chake bure pamoja na Windows, na Netscape ikaanza kuzama. Mnamo Januari 1998 Netscape ilitangaza jambo ambalo kampuni kubwa hazikuwa na mazoea nalo: itautoa hadharani msimbo wa programu yake, yeyote ausome, aubadilishe, autumie. Msimbo ukatoka tarehe 31 Machi 1998, na mradi wa kuulea ukaitwa Mozilla.

Mwanzo haukuwa mzuri. AOL iliinunua Netscape. Watayarishaji wakaamua kuitupa sehemu kubwa ya msimbo wa zamani na kuandika injini mpya tangu mwanzo. Mwaka mzima ukapita bila kitu cha kumpa mtumiaji, na Jamie Zawinski, mmoja wa waasisi wa mradi, akajiuzulu mwaka 1999 kwa uchungu, akisema wazi kuwa mradi umeshindwa kutoa bidhaa. Toleo la 1.0 lilifika Juni 2002, zaidi ya miaka minne baada ya ule msimbo kutolewa.

Toleo lenyewe lilikuwa na nini? Kivinjari, barua pepe, kitabu cha anwani, chombo cha kutengenezea kurasa na hata cha kupigia soga. Vyote katika programu moja nzito. Unaona? Hata kabla ya kuwa shirika, mradi ulikuwa umeshaanza kutanuka kuliko haja ya mtumiaji, ambaye alichotaka ni kufungua kurasa tu.

Waliouokoa mradi walikuwa vijana waliochukua mkasi. Mnamo Septemba 2002 Blake Ross, aliyekuwa na miaka 17, pamoja na Dave Hyatt walitoa kivinjari kidogo kilichoitwa Phoenix. Kazi yao kubwa ilikuwa kuondoa, si kuongeza. Barua pepe nje, soga nje. Kibaki kivinjari peke yake, chepesi, chenye vichupo na chenye kuzuia vile vidirisha vya matangazo. Jina likabadilika kuwa Firebird, kisha Februari 2004 likawa Firefox.

Katikati ya hayo, tarehe 15 Julai 2003, AOL iliivunja idara ya Netscape. Wafanyakazi wakaachishwa kazi. Siku hiyohiyo likazaliwa shirika lisilo la faida, Mozilla Foundation, likipewa na AOL dola milioni 2 za kuanzia. Mitchell Baker akaliongoza. Shabaha ilikuwa rahisi kuieleza hata kwa bibi yangu: mlango wa intaneti usimilikiwe na kampuni moja.

Ushindi

Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Mwezi uliofuata gazeti la New York Times lilichapisha tangazo la kurasa mbili lenye majina ya watu wapatao 10,000, watu wa kawaida waliochanga pesa zao kulilipia. Sisi Wakenya tungeiita harambee. Kufikia Oktoba 2005 Firefox ilikuwa imepakuliwa mara milioni 100.

Kumbuka kuwa Microsoft ilikuwa imelala. Baada ya kutoa Internet Explorer 6 mnamo Agosti 2001 ilikaa zaidi ya miaka mitano hadi kutoa toleo la 7, Oktoba 2006. Ushindani ulikuwa umekufa, basi kulikuwa na haja gani ya kuhangaika? Firefox ndiyo iliyowaamsha. Hata waliobaki na ile "e" ya samawati walifaidika, kwa sababu hatimaye ilianza kurekebishwa.

Nakumbuka mwenye saiba moja niliyoipenda alinikataza kuweka Firefox kwenye mashine zake. Nikawa nakuja nayo kwenye flashi, naiendesha kimyakimya, na kabla ya kuondoka nafuta alama zangu. Wiki chache baadaye nilimkuta ameiweka kwenye mashine zote, kwa kuwa virusi vilikuwa vimemchosha. Sikusema neno. Nilinunua nusu saa nikakaa.

Juni 2008, Firefox 3 ilipotoka, ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 8 kwa siku moja, ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwishoni mwa 2009, kwa hesabu za StatCounter, karibu theluthi moja ya matumizi ya vivinjari duniani ilikuwa ya Firefox. Shirika la watu wachache waliopewa dola milioni 2 za kuagia lilikuwa limeuvunja ukiritimba wa kampuni tajiri kuliko zote katika fani yake.

Mtu angesema hadithi imeishia hapo. Kwangu mimi hapo ndipo inapoanza.

Pesa zilitoka wapi?

Programu ya bure huwalipaje watu mishahara? Juu ya kivinjari kulikuwa na kisanduku kidogo cha kutafutia. Ukiandika neno pale, unapelekwa Google. Google ilipata matangazo, na Mozilla ilipata fungu lake. Hakuna aliyelazimishwa, mtumiaji angeweza kubadilisha injini ya kutafutia kwa kubonyeza mara mbili. Mpango ulionekana safi, na kwa kweli ulikuwa hivyo.

Pesa zikawa nyingi hadi shirika lisilo la faida likalazimika, Agosti 2005, kuunda kampuni ndani yake, Mozilla Corporation, inayomilikiwa yote na lile shirika. Mapato ya 2005 yalifika dola milioni 52.9. Ya 2006 yalikuwa milioni 66.8, na takriban asilimia 85 ilitoka Google peke yake.

Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini mwaka 2006 nani angeliona hilo kuwa tatizo? Google haikuwa na kivinjari. Ilitaka mlango wa intaneti uwe wazi, kama ilivyotaka Mozilla. Adui wao alikuwa mmoja.

Ila kulikuwa na dalili. Januari 2005 Ben Goodger, mhandisi aliyeiongoza kazi ya Firefox, alikuwa ameajiriwa na Google. Darin Fisher naye akaenda. Tarehe 2 Septemba 2008 ikajulikana walichokuwa wakikipika huko. Google ilitoa Chrome.

Tangu siku hiyo Mozilla imekuwa ikilipwa mishahara na mshindani wake. Nimesema "tangu siku hiyo", lakini nikitafuta siku yenyewe ya uamuzi siipati. Mkataba wa kwanza ulifanywa na rafiki. Rafiki akageuka mshindani huku mkataba ukiendelea. Kuuacha kungemaanisha kuwafukuza wafanyakazi wengi. Ni kama ile bahasha yangu ya kaki iliyogeuka akaunti ya benki: ukishakuwa na watu wa kulipa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ndio unaoanza kukupangia kazi.

Mozilla ilijaribu kujinasua. Mwaka 2014 ilisaini na Yahoo mkataba wa miaka mitano kwa watumiaji wa Marekani. Kufikia Novemba 2017 ilikuwa imeuvunja na kurudi Google.

Vita vingine

Sasa shirika lenye mamia ya wafanyakazi na adui aliyekwisha kudhoofika hufanya nini? Hutafuta kazi. Na kazi huwa hazikosekani.

Mwaka 2007 Mozilla ilitoa ilani yenye kanuni kumi kuhusu intaneti kama mali ya umma. Nilipoisoma niliipenda, na bado naipenda. Lakini angalia kilichotokea hapo: shabaha ilipanuka kutoka kitu unachoweza kukipima, yaani kivinjari kizuri mikononi mwa watu, hadi kitu kisichopimika, yaani afya ya intaneti nzima. Chini ya mwavuli huo kila wazo zuri linaenea. Nani atakayesema hapana?

Mwaka 2011 ulianza mradi wa Firefox OS, mfumo wa simu za bei nafuu. Simu zilianza kuuzwa Julai 2013, na Desemba 2015 Mozilla ikatangaza kuwa inaachana nazo. Ulikuwako Persona, mpango wa kuingia kwenye tovuti bila kukariri nywila mia, ulioanza 2011 na kuzimwa Novemba 2016. Ikanunuliwa huduma ya Pocket mwaka 2017, ya kuhifadhi makala usome baadaye, nayo ikafungwa Julai 2025. Thunderbird, programu yao ya barua pepe iliyopendwa na wengi, ilisukumwa pembeni mwaka 2012 na ikabaki ikilelewa zaidi na watu wa kujitolea, hadi ilipopewa kampuni yake mwaka 2020. Leo inaishi kwa michango ya watumiaji.

Sisemi hayo kwa kejeli. Haki ya mtu apewe. Katika kuhangaika huko Mozilla iliufadhili Rust, mradi binafsi wa Graydon Hoare ulioanza 2006 na kukuzwa na Mozilla kuanzia 2009 hadi ukawa mojawapo ya lugha za programu zinazoheshimiwa zaidi leo. Ilikuwa miongoni mwa walioanzisha Let's Encrypt, iliyotangazwa 2014, ambayo imeziwezesha tovuti ndogo kupata ile alama ya kufuli bure. Tovuti za wateja wangu karibu zote zinaitumia. Na sisi wa Kiswahili tuna deni letu: mradi wa Common Voice, ulioanzishwa 2017 ili kukusanya sauti za watu wa kawaida za kuifundisha tarakilishi kuelewa usemi, ulipata mwaka 2021 dola milioni 3.4 kutoka kwa wafadhili ili kukuza Kiswahili. Nilijirekodi humo sentensi kadhaa, na nilijisikia vizuri. Hapo awali, kampuni kubwa hazikuwa na haraka nasi.

Kwa hiyo kutoka nje ya njia si lazima kuzae mabaya tu. Wakati mwingine mtu anayepotea njia ndiye anayegundua kisima. Swali langu ni jingine: wakati huo wote, nani alikuwa kwenye ile kazi ya kwanza?

Mbacha na msala

Kuna methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa Mozilla ulikuwa Firefox. Ilipokuwa ikishughulika na simu, Chrome ilikuwa ikiongeza kasi na kuenea pamoja na Android. Mwaka 2013 Opera iliacha injini yake ikahamia ile ya Chrome. Desemba 2018 Microsoft nayo ilitangaza kuwa kivinjari chake cha Edge kitajengwa juu ya msingi huohuo wa Google, na toleo hilo likatoka Januari 2020. Firefox ilibadilishwa kwa kazi kubwa mwaka 2017, ikawa na kasi kweli, lakini watu walikuwa wameshaondoka. Sehemu yake leo ni chini ya asilimia 5.

Kwetu watengenezaji wa tovuti hili si jambo la ushabiki. Ninapojenga ukurasa wa mteja, ananiuliza kama unafanya kazi kwenye Chrome. Hakuna anayeuliza kuhusu Firefox. Ni maneno yaleyale tuliyoyasikia saiba mwaka 2003, jina la kivinjari tu ndilo limebadilika. Mlango wa intaneti umerudi karibu wote mikononi mwa kampuni moja. Ukiitoa Apple na injini yake, Mozilla ndiyo pekee kati ya vivinjari vinavyojulikana sana iliyobaki na injini isiyotoka Google. Yaani ile kazi iliyoandikwa 2003 ipo palepale, tena inahitajika vilevile.

Na shirika lilikuwa wapi? Januari 2020 liliachisha kazi watu wapatao 70, na Agosti mwaka huohuo wengine karibu 250, wakiwemo wengi waliofanya utafiti wa injini mpya. Machi 2023 lilitangaza dola milioni 30 za kuanzisha kampuni ya akili bandia. Juni 2024 lilinunua Anonym, kampuni ya mambo ya matangazo. Februari 2025 lilitoa masharti mapya ya matumizi, na watumiaji wakagundua kuwa ile ahadi ya zamani kwamba Firefox haiuzi data zako imeondolewa. Wenyewe walieleza kuwa maana ya neno "kuuza" katika sheria za baadhi ya mahali ni pana mno, na wakarekebisha maneno baada ya kelele. Huenda maelezo yao ni ya kweli kisheria. Lakini fikiria umbali uliotembewa: kutoka majina 10,000 gazetini hadi wanasheria wakieleza maana ya "kuuza".

Mwisho wa safari hiyo ulionekana mahakamani. Serikali ya Marekani iliishtaki Google, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilidumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria, kwa njia mojawapo ya kulipia nafasi ya kwanza kwenye vivinjari. Mei 2025 afisa mkuu wa fedha wa Mozilla alipanda kizimbani kutoa ushahidi. Alieleza kuwa Firefox huleta karibu asilimia 90 ya mapato ya Mozilla, na kwamba takriban asilimia 85 ya hayo hutoka kwenye mkataba wa Google. Akaonya kuwa malipo hayo yakikatazwa, Firefox yenyewe inaweza kufa. Septemba 2025 jaji aliruhusu malipo yaendelee, ila yasiwe ya kumfungia nje mwingine.

Soma tena aya hiyo polepole. Shirika lililoundwa kupinga ukiritimba wa mlango wa intaneti lilifika mahakamani kuomba mwenye ukiritimba asizuiwe kulilipa. Wala halikusema uongo. Kila neno lilikuwa na maana siku liliposemwa.

Kubadilika si dhambi

Kabla hujaniandikia kuwa mashirika lazima yabadilike, nakubali. Tazama mfano huu. Mwaka 1938 Rais Roosevelt wa Marekani, aliyekuwa amepooza miguu, alianzisha shirika la kupambana na polio, lililokuja kujulikana kwa jina la March of Dimes kwa sababu watu walichanga senti kumikumi. Senti hizo zililipia kazi ya Jonas Salk, na Aprili 1955 chanjo yake ikatangazwa kuwa salama na yenye nguvu. Shirika likawa limeshinda, likabaki na wafanyakazi, wafuasi na jina, bila adui. Mwaka 1958 lilitangaza mbele ya umma kwamba sasa litashughulikia kasoro ambazo watoto huzaliwa nazo. Lilibadilisha shabaha mchana kweupe, baada ya ile ya kwanza kufikiwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Wale walibadili kwa kuamua. Mozilla, na kikundi chetu kidogo, tulibadilika kwa kutoamua. Mwaka 1911 mtaalamu Robert Michels, akichunguza vyama vya wafanyakazi na vya kisoshalisti vya Ulaya, alieleza jinsi chama kinachoanza kama chombo cha kufikia lengo kinavyogeuka kuwa lengo lenyewe, kwa sababu kina watu ambao maisha yao yanakitegemea. Hakuwaita wabaya. Ni watu wenye karo za watoto na kodi za nyumba, kama mimi na wewe.

Niliweke kwa lugha ya fani yetu. Mwandishi wa programu anapoleta badiliko, halipokelewi kabla ya kupita majaribio. Sasa tuseme una majaribio 500 ya mambo madogomadogo: je, ripoti imefika, je, mshahara umelipwa, je, mfadhili ameridhika. Kila badiliko linapita. Lakini hakuna aliyeandika jaribio la lile jambo moja ambalo programu iliandikiwa. Baada ya miaka mitano majaribio yote ni ya kijani na programu haifanyi tena kazi yake. Nayo haikuharibika siku moja, ilitoka kidogokidogo kila wiki, na kila mara tulipongezana.

Swali la yule mwanachama mpya, "shule ngapi?", ndilo lilikuwa jaribio lililokosekana. Na liliulizwa na mgeni kwa sababu sisi wenyeji tulikuwa tumeshazoea.

Tutafanya nini

Nimepeleka mapendekezo matatu kwa kikundi, nayaandika hapa ili nisije nikayakana. Kwanza, kila mkutano ufunguliwe kwa kuhesabu shule, kabla ya taarifa ya fedha. Hata kama jibu ni sufuri, lisomwe kwa sauti. Pili, mfadhili mmoja asizidi theluthi ya bajeti yetu. Hili litatuumiza, na mwenzetu anayeandika ripoti amenipigia simu kuniuliza atakula nini. Sikuwa na jibu zuri, na sitaki kujifanya ninalo. Tatu, ikiwa tunaona kazi ya warsha ni bora kuliko ya shule, basi tupige kura, tuandike, tuubadili ule mstari mmoja wa katiba. Nitashindwa kwa amani. Kitakachonishinda kukubali ni kuendelea kuomba pesa kwa jina la wanafunzi ambao hatuwaoni.

Kura itakuwa mwezi ujao. Sijui itakwendaje, maana wenzangu wawili wamenuna tangu niyapeleke.

Kuhusu Mozilla, bado natumia Firefox, hata sasa ninapoandika haya. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na natumaini nao watarudi ngamani, kwenye kivinjari, ambako ndiko walikopendwa. Wamebaki na ile injini, na maadamu wameibakisha, njia ya kurudi ipo.

Nasi Jumamosi hii, bila kungoja kura, tunakwenda watatu. Shule ina tarakilishi sita stoo na mwalimu mmoja aliyetupigia simu mara mbili mwaka jana bila kujibiwa. Nimenunua kopo la hewa ya kupulizia vumbi, kwa pesa yangu, na nauli nimeiweka kwenye bahasha ya kaki.

Nawe je, kikundi chako, chama chako au kampuni yako ilianzishwa kufanya nini? Na mara ya mwisho ilifanya hivyo lini? Niandikieni. Tuonane wakati mwingine, Mungu akipenda, na umeme ukiwepo.